Nilivyochongesha kabati la Commodore 64

Fundi wangu wa Keko alidhani nataka kabati la televisheni. Nilipomwambia ni la kompyuta, akacheka: "Kaka, laptopu gani inakula mbao zote hizi?" Ikabidi nimpelekee mashine yenyewe pale karakana, Commodore 64, kompyuta ya nyumbani ya zamani, pamoja na diski draivu yake (kisoma disketi) ya modeli 1541, akaipima kwa futi kamba mwenyewe.

Ugumu wa Commodore 64 ni kwamba kibodi ndiyo kompyuta. Ukiweka trei ya kuvuta kama ya meza za ofisini, kila ukiivuta unaondoka na kompyuta nzima na nyaya zake. Tena nyaya hazitoki nyuma tu: umeme, swichi na matundu ya joistiki (vishikio vya kuchezea gemu) viko ubavuni kulia. Mashine ina upana wa sentimita 40 hivi. Trei nikaitaka ya 60, na nafasi yote inayozidi iwe kulia. Kwenye ubao wa nyuma fundi alikata mfereji mrefu badala ya tundu, ili nyaya za skrini na draivu zisogee na trei bila kukunjika.

Halafu joto. Hiyo 1541 ina transfoma humohumo ndani. Ikiwaka saa moja, mgongo wake utadhani pasi. Haitaki kitu juu yake, wala haitaki kukaa ubavuni mwa skrini ya zamani, maana usumaku wa skrini unaweza kuvuruga usomaji wa disketi. Nikaipa rafu ya chini, nyuma wazi. "Na vumbi je?" akauliza fundi. Swali la maana kabisa, hasa Dar. Tukapiga wavu wa dirishani.

Adapta ya umeme ya asili siitumii. Ikichoka, umeme wake wa volti 5 hupanda kupita kiasi na kuunguza chipu. Nilinunua mpya, ikakaa kwenye kijirafu cha nje ninapoifikia bila kuinama.

Fremu ni mninga, mgongo plaiwudi. Mninga una bei, lakini mchwa hawauwezi, na skrini ile ni nzito; chini yake tuliongeza mguu wa tano katikati.

Milango sikuweka. Kompyuta ya mwaka 1982, wakati sisi hapa Tanzania kuingiza kompyuta nchini kulishapigwa marufuku tangu 1974, niihangaikie hivi halafu niifungie ndani? Wageni waione.