Makala ya Juana wa Castilla: pa kuanzia kurekebisha

Makala za kamusi elezo kuhusu Juana I mara nyingi huharibika kwenye sentensi ya kwanza kabisa. Kiswahili humwita "malkia" mke wa mfalme na pia mwanamke anayetawala kwa haki yake. Juana ni huyo wa pili: alirithi Castilla mama yake, Isabel I, alipofariki tarehe 26 Novemba 1504, na Aragón baada ya baba yake Fernando kufariki mwaka 1516. Andika "malkia mtawala", kisha zitaje falme zenyewe. "Malkia wa Hispania" peke yake inaficha kwamba kila ufalme ulikuwa na sheria zake.

Kosa sugu liko kwenye kisanduku cha taarifa, yaani jedwali la muhtasari kando ya makala. Juana alifungiwa katika mji wa Tordesillas, Castilla, mwaka 1509, na mhariri mwenye haraka hufunga utawala wake hapohapo. Sivyo. Hati ziliendelea kutolewa kwa jina lake, likitangulia la mwanawe Carlos. Weka 1504–1555, yaani hadi kifo chake, na Carlos kama mtawala mwenza tangu 1516.

Bonyeza kila kiungo cha "Felipe". Mumewe, aliyefariki Burgos mwaka 1506, ni Felipe I. Felipe II ni mjukuu wake.

"La Loca", yaani mwendawazimu, ni jina la utani tu, lisiwe kichwa cha makala. Ugonjwa wenyewe bado unabishaniwa, kwa hiyo kila dai liwe na tanbihi yake, na msomaji aelezwe kwamba baba, mume na mwana wote walinufaika kisiasa akionekana hawezi kutawala.