Siku Chemba Ilipofunguliwa

Nilizaliwa Tanga, katika nyumba ambayo choo chake hakikukosa vitu viwili: pipa la maji lililojaa na kata ya kifuu. Karatasi haikuwa na kazi humo. Kabla sijajua kuandika jina langu, bibi alikuwa ameshanifundisha kwamba mkono wa kushoto ndio wa kuchambia na wa kulia, kama jina lake linavyosema, ndio wa kulia. Katika chuo cha Kurani mwalimu akaongeza masharti yake: maji yakikosekana mawe matatu yanatosha, lakini usiguse mfupa wala kinyesi cha mnyama kilichokauka, na usithubutu kujistanji kwa kitu chenye heshima, kikiwamo chakula na karatasi iliyoandikwa elimu. Nilikua nikiamini kwamba hivyo ndivyo wanavyofanya watu wote waliolelewa.

Januari 1983 nikachaguliwa kuingia kidato cha kwanza katika shule moja ya bweni huko Njombe, ambayo jina lake litabaki kwangu. Nilipanda treni ya TAZARA Dar es Salaam, nikashuka Makambako nikitetemeka kwa baridi ambayo sikuwahi kuihisi, kisha nikamalizia safari juu ya lori la mbao. Katika sanduku langu la bati mama alikuwa ameweka shuka mbili, mche wa sabuni, na kopo la mafuta ya kupikia lililokatwa mdomo na kutiwa mshikio wa waya. Wiki haikwisha kabla bweni zima halijaanza kuniita Kopo, na hata leo wapo watu wazima wenye wajukuu ambao hawanijui kwa jina jingine.

Tulikuwa wavulana arobaini bwenini na, kwa habari ya choo, tulikuwa madhehebu matatu. Sisi watu wa maji tulikuwa wanne tu, wote wa pwani. Wenzetu waliotoka vijiji vya jirani walitumia magunzi, nao walikuwa na utaratibu wao: gunzi lianikwe likauke sawasawa, liwekwe kwenye debe pembeni, likishatumika lidondoshwe. Kwao, kwenye vyoo vya shimo, gunzi huanguka na habari yake inaishia hapo. Shuleni, hata hivyo, vyoo vilikuwa vya kuvuta, minyororo yake ilikuwa imekatika zamani na tulimwagia maji kwa ndoo, na gunzi katika choo cha namna hiyo husafiri hadi kona ya kwanza ya bomba, likaweka kambi. Kundi la tatu, watoto wa mjini, walitumia gazeti, hasa Uhuru, kwa kuwa ndilo lililofika shuleni kwa wingi. Kabla ya kulitumia walilifikicha viganjani muda mrefu, kama mtu anayefua leso, mpaka likaacha kulia. Na kabla ya kulifikicha walikagua kila ukurasa, kwa sababu picha ya Rais ilipaswa kuchanwa kwanza na kuhifadhiwa chini ya godoro. Hakuna aliyetuagiza tufanye hivyo, wala hakuna aliyetaka kuja kuulizwa kwa nini hakufanya.

Wao walinishangaa kwa kugusa, nami niliwashangaa kwa kutogusa. Mmoja wa wale wa magazeti, aliyewahi kuishi Dar es Salaam, kila akiniona na kopo langu alinipigia methali ile ya kwetu wenyewe, kwamba kuchamba kwingi ni kuondoka na mavi, na sikuwahi kupata jibu la maana.

Karatasi ya chooni yenyewe, ile ya mviringo, wengi wetu tulikuwa tumeiona kwa mbali tu. Ilikuwa miaka ya kupanga foleni kwa ajili ya sabuni, sukari na mafuta ya taa. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 pamoja na bei ya petroli vilikuwa vimekausha fedha za kigeni, na kiwanda cha karatasi cha Mgololo, wilayani Mufindi, kilikuwa bado kinajengwa. Daftari lenyewe lilikuwa mali ya kuombwa. Ndiyo maana ilikuwa kama sinema siku mwenzetu mmoja, mtoto wa mfanyakazi wa bandari, alipofungua sanduku lake na kututolea bunda la karatasi ya chooni kutoka ng'ambo: mizunguko sita, rangi ya waridi, yenye harufu ya maua. Tulipokezana mzunguko mmoja tukiunusa. Baada ya siku mbili alianza kuuza, akihesabu kwa kufuata vile vitundu vidogo vya kuchania: vipande vitatu kwa shilingi, au vinne kwa andazi la asubuhi. Tukamwita Meneja.

Aprili jenereta ya kusukuma maji ikasimama kwa kukosa dizeli. Maji yakawa ya kuchotwa mtoni, bondeni, ndoo moja kwa mtu kwa siku, ya kuogea, kufulia na kila kitu, na mlima wa kurudi bwenini ulikula robo ya ndoo. Wenzangu watatu wa pwani walishindwa mapema. Mimi nilishikilia kopo langu wiki nzima, nikipunguza maji ya kuoga ili ya choo yabaki, lakini maji ya Njombe alfajiri yanauma kama meno ya mbwa, na kuna asubuhi moja niliyofika chooni nikakuta ndoo yangu imeshatumiwa na mtu asiyejulikana. Magazeti sikuwa nayo. Andazi nilikuwa nimeshalila. Nikarudi bwenini, nikafungua daftari la Siasa, nikachana karatasi ya katikati. Niliifikicha kama nilivyoona wenzangu wakifanya, huku nikimsikia mwalimu wa chuo akinihesabia dhambi, na nitasema ukweli kwamba sikuwahi kuelewa tangu siku ile kwa nini watu huiita njia hiyo kuwa safi.

Wakati huohuo nchi ilikuwa katika msako. Mwishoni mwa Machi serikali, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilianza kuwakamata walanguzi na wahujumu uchumi, na kila jioni tulikusanyika kwenye redio ya mwalimu wa zamu kusikiliza nani amekutwa na nini. Tulisikia kwamba watu walikuwa wakitupa bidhaa vichakani na mitoni usiku ili wasikutwe nazo. Meneja alisikiliza kuliko wote. Alikuwa amebakiwa na mizunguko minne na nusu, na kuna mtu, nadhani yule wa methali, alimwambia kwa uso mkavu kabisa kwamba walimu watakagua masanduku Jumamosi na kwamba kesi ya ulanguzi haina dhamana. Usiku wa Ijumaa Meneja aliingia chooni na mzigo wake, akakaa humo muda mrefu.

Hakuna aliyekagua sanduku la mtu. Lakini siku ya tatu choo cha kwanza kilikataa kupokea, kisha cha pili, na Jumamosi ya pili ya Mei maji machafu yalitokeza chini ya mlango na kuanza kufuata korido kuelekea kwenye vitanda.

Mwalimu wa zamu siku ile alikuwa mwalimu wetu wa Siasa. Alitupanga mstari nyuma ya bweni, sote arobaini, huku fundi wa shule, mzee wa Kibena mwenye koti refu la mvua, akiingiza mtaimbo chini ya mfuniko wa chemba. Mfuniko ulinyanyuka taratibu na harufu ikatufikia kabla haujatua chini. Mzee hakuonekana kujali. Alichomeka mwanzi mrefu bombani, akauzungusha, akauvuta, akauchomeka tena, na kila alipovuta akakokota kitu kwa reki na kukilaza kwenye majani kana kwamba anaanika samaki. Yalianza kutoka magunzi, moja baada ya jingine. Niliacha kuhesabu yalipofika thelathini. Likafuata donge kubwa la rangi ya waridi, laini kama ubwabwa uliopitiliza, ambalo bado lilikuwa na chembe ya ile harufu ya maua. Mzee aliligusagusa kwa reki.

"Wanangu," alisema, "huyu aliyeoka keki ni nani?"

Hakuna aliyecheka kwa sauti. Meneja alitazama mawingu.

Kilichokuwa kimeng'ang'ania ubavuni mwa donge hilo ndicho kilichonimaliza. Mzee alikibandua kwa ncha ya reki na kukilaza juu ya jiwe: karatasi mbili za daftari zilizoshikana, zimekunjamana, lakini zinasomeka. Wino wa kalamu ya Bic hauogopi maji. Mwalimu aliinama, mikono nyuma, akasoma. Kisha akainuka na kuja moja kwa moja mbele yangu.

"Kopo," alisema, nami nikashangaa kwamba hata yeye analijua jina hilo, "Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka gani?"

"Mwaka 1967, Mwalimu."

"Leo unajua."

Katika zoezi lile nilikuwa nimeandika 1976. Katika kidato kizima ni mimi peke yangu niliyekuwa nimekosea hivyo, na duara lake jekundu lilikuwa bado limeizunguka ile tarakimu kwenye jiwe, na pembeni yake 7/10.

Nilisubiri kuambiwa mengi, kwa sababu mwaka ule mtu angeweza kuambiwa mengi kwa karatasi kama ile. Mwalimu alitazama jiwe, akatutazama sisi, akatazama ndoo tupu zilizopangwa ukutani. Nadhani alikuwa akifikiria kile ambacho angelazimika kuandika kwenye taarifa kwa mkuu wa shule. Mwishowe alimwambia mzee azichome zile karatasi zikikauka, na kwamba mimi na mwenye keki, ambaye alimtaja bila hata kugeuka kumtazama, tutachota maji ya kumwagia vyoo vyote vya bweni mpaka dizeli itakapopatikana. Ilipatikana baada ya siku kumi na tisa. Tulipanda mlima ule tukiwa na ndoo kichwani alfajiri na jioni, mimi mbele na Meneja nyuma, na kufikia siku ya tano tulikuwa marafiki.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mtu wa kwanza kuuza karatasi maalumu za chooni Marekani, Joseph Gayetty wa New York, mwaka 1857, alitia jina lake kwenye kila karatasi, na kwamba kabla yake na hata baada yake wakulima wa huko walitumia magazeti, kalenda za mwaka na, ndiyo, magunzi. Nilicheka peke yangu. Jina la Gayetty alilitia kwa hiari yake.

Nyumbani kwangu sasa kuna bomba la kuchambia lenye kitufe cha kubonyeza, na pembeni yake karatasi ya kujifutia maji. Wajukuu wanatumia karatasi bila maji, jambo ambalo nimeacha kulijadili. Meneja amehamia Uingereza miaka mingi. Machi 2020, watu wa huko walipogombea karatasi za chooni madukani mpaka maduka yakaweka kikomo cha mabunda kwa kila mteja, alinipigia simu usiku. Alisema amezunguka maduka matatu na kukuta rafu nyeupe.

"Mizunguko minne na nusu," alisema. "Ningekuwa nayo leo."

Nikamwambia walanguzi bado wanakamatwa. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama lile kopo la mshikio wa waya bado ninalo.