Mzunguko wa farasi: hatimaye umefungika

Umefungika. Farasi wa sataranji (chess), yule anayeruka kwa umbo la L, ameondoka a1 (mraba wa kona; herufi ni safu wima, namba ni safu mlalo), akakanyaga miraba yote 64 mara moja moja, na namba 64 imeangukia c2, ambapo mruko mmoja tu unamrudisha a1. Nimeuchapa kwenye karatasi nikaufuatisha kwa kalamu nyekundu, mruko kwa mruko, maana programu yangu siiamini hivi hivi.

Njia iliyo wazi, ile ambayo farasi anamalizia popote, haijawahi kunisumbua. Kanuni ya Warnsdorff ya 1823 inatosha: ruka kila mara kwenye mraba wenye njia chache zaidi za kutokea. Wengi huishia hapo, wanapiga picha ya skrini, wanajisifu. Mimi nilitaka mzunguko kamili wa Hamilton, yaani unaopita kila mraba mara moja na kurudi ulipoanzia, na hapo ndipo kanuni hiyohiyo iliponigeuka.

Shida yake ni kwamba inapenda pembezoni. Inafagia kingo kwanza, b3 na c2 zinamezwa mapema, na hizo ndizo milango pekee ya a1. Mwishoni farasi amesimama e4, ubao umejaa, kurudi hakuna. Nikaongeza kurudi nyuma, yaani programu ikikwama inafuta hatua za mwisho na kujaribu njia nyingine. Feni ya laptopu ikavuma usiku kucha, asubuhi sikukuta kitu. Na haishangazi: kurudi nyuma kunachezea hatua za mwisho mwisho tu, ilhali mambo yaliharibika tangu hatua ya kumi huko. Programu inaweza kuhangaika kwenye kipande kilekile cha ubao mpaka uote mvi. Nikaanzia d4, nikavuruga mpangilio wa ile miruko minane, nikaweka bahati nasibu. Mara unafungika, mara haufungiki. Cha kubahatisha sikitaki!

Kilichonitoa ni a1 yenyewe. Ina majirani wawili tu, yaani miraba iliyo mruko mmoja kutoka kwake, basi mzunguko wowote ule lazima upite b3–a1–c2, hakuna ujanja. Kwa hiyo: anza a1, hatua ya pili ni b3, halafu c2 ipigwe kufuli hadi zamu ya 64. Kisha kila baada ya mruko, kagua miraba iliyobaki. Ule wenye jirani mmoja tu aliye huru, hata ukihesabu alipo farasi sasa hivi, umekufa: utaingilika, hautatokeka. Rudi hapo hapo, usingoje hatua ya 60. Ni c2 pekee inayoruhusiwa kubaki na mmoja, kwa kuwa mwingine ni a1. Masharti hayo mawili tu, na jibu likatoka mara moja.

Programu hii nimeiandika kwa lugha ya C. Python naitumia kila siku na sina ugomvi nayo, ila ubao una miraba 64 na namba moja ya biti 64 inaubeba mzima mzima. Kuuliza majirani wangapi wako huru ni AND moja (kulinganisha namba mbili biti kwa biti) na kuhesabu biti. Wapo mnaonishauri nitumie maktaba za grafu, yaani kodi tayari za kushughulikia mitandao ya nukta na viungo; kwa nukta 64 tu? Daftari la hesabu na penseli vimenifaa zaidi.

Jaribio la ukweli likawa ubao wa 6×6. Mwanzo na mwisho vimeshapigwa misumari, kwa hiyo kila mzunguko unahesabiwa mara moja tu, huna haja ya kugawa kwa mbili. Idadi inayojulikana ni 9,862. Yangu: 9,862. Nilipiga kelele, jirani akagonga ukuta. Kwa 8×8 sijaribu: mizunguko iko 13,267,364,410,532, na hata ningepata elfu moja kila sekunde ingenichukua zaidi ya miaka 400.

Kilichofuata kwenye mpango kilikuwa skrini ya kuonyesha farasi akiruka. Nimeiacha, kwa sababu nilibadilisha ukubwa wa ubao kwa kucheza tu, na 4×6, 4×8 na 4×10 zote zikatoka tupu. Nikashuku msimbo wa programu yangu. Kumbe msimbo hauna neno. Kwenye ubao wa safu 4, aliye safu ya juu kabisa au ya chini kabisa hana pa kurukia ila safu mbili za ndani. Miraba ya nje na ya ndani ni nusu kwa nusu, hivyo mzunguko ukitaka kutimia lazima aende nje, ndani, nje, ndani, bila kuteleza hata mara moja. Ila farasi pia hubadili rangi kila mruko. Akianzia mweupe wa nje, atakanyaga myeupe ya nje na myeusi ya ndani peke yake. Myeusi ya nje hataigusa kamwe. Uthibitisho mzima unaenea nyuma ya risiti ya duka, na umenipendeza kuliko programu yote.

Sasa niko kwenye 3×10. Mwanahisabati Schwenk alionyesha 1991 kwamba huo unafungika, ilhali 3×8 haufungiki. Kona nne, pamoja na miraba miwili miwili ya mwisho kila upande katika safu ya kati, zote zina majirani wawili tu. Hiyo ni miraba 8, yaani viungo 16 kati ya 30 vya mzunguko vinajulikana kabla sijaanza kutafuta, na hivyo ndivyo ninavyoviandika kwenye msimbo usiku huu.