Siku yangu teatri: kibofu kilichoshuka

Saa 1 asubuhi. Mimi ni nesi wa teatri, yaani chumba cha upasuaji, ila siku za upasuaji wa kina mama naanzia wodini. Mama wa kwanza kwenye orodha ana watoto saba. Kibofu kimeshuka hadi kinatokeza ukeni, na ili mkojo uishe inabidi akisukume ndani kwa kidole. Amekaa na tatizo hili miaka mingi kimya, kwa aibu. "Sista, ni uchafu huu?" Hapana, mama. Ukuta unaoshikilia kibofu umelegea kwa uzazi na mizigo mizito, na unashoneka.

Saa 3. Ganzi ya mgongo imeshika, miguu iko juu, mpira wa mkojo umewekwa. Dokta anachoma maji yenye adrenalini kwenye ukuta wa mbele wa uke ili damu isitoke nyingi, kisha anapasua katikati na kutenganisha tabaka taratibu, kidole kimezungushiwa gozi, kitambaa chepesi cha kufyonza damu. Kibofu kinaonekana kimebonyea kuja kwetu. Nampa uzi unaoyeyuka, anavuta tishu za kulia na kushoto zikutane, mshono baada ya mshono, nacho kinapanda. Hapa huwa nasahau hata miguu inayouma. Ngozi iliyozidi inapunguzwa kidogo tu. Ikikatwa sana, uke unabana.

Daktari wa mafunzo anauliza kuhusu kuweka wavu wa plastiki wa kushikilia kibofu. Anajibiwa kwamba mwaka 2019 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, iliamuru wavu wa kupitia ukeni kwa tatizo hili usiuzwe tena. Nahesabu gozi, zimetimia.

Saa 6. Bibi mmoja presha yake haishuki, hapasuliwi leo. Anawekewa pete ya silikoni ukeni, ishikilie kibofu.

Saa 8. Mama aliyefanyiwa juzi anakojoa vizuri bila mpira, anaruhusiwa. Namwita mumewe, maana mshono huu ukibebeshwa mzigo mapema unaweza kulegea, na hapo ndipo kazi yetu nyingi inapoharibikia.

"Baba, wiki sita asibebe ndoo, kuni wala mtoto mgongoni. Na chumbani pia msubiri."

"Sasa maji atachota nani?"

"Wewe, baba, na vijana wako."

Anamtazama mkewe. Mkewe hainamishi uso. "Baiskeli ipo," anasema mzee, "nitafunga madumu."

Nawaandikia tarehe ya kliniki na dawa ya kulainisha choo, asije akajikamua chooni, kisha nakabidhi shifti.