Maji ya Shangazi

Jana binti yangu alikuwa na kazi ya jiografia: Mto Nile unaanzia wapi? Akaandika Ziwa Victoria. Kisha akaniuliza, "Na maji ya ziwa yanatoka wapi?" Nikamkumbuka shangazi.

Tulikuwa tumekwenda Jinja, Uganda, kwenye harusi ya binamu. Ya harusi nayaruka. Kesho yake wenyeji wakatupandisha boti, tukapita karibu na sanamu ya Gandhi, ambaye sehemu ya majivu yake ilimwagwa pale mwaka 1948, tukaelekea mahali ziwa linapogeuka mto.

Nahodha akazima injini, na boti ikaendelea kwenda. Hilo ndilo lililonishangaza. Nyuma yetu maji yalikuwa yamelala, hayaendi popote. Pale yakashika njia. Yalikuwa yanafura na kujizungusha kama uji jikoni, na chombo kinavutwa kaskazini bila kuulizwa. Speke, mpelelezi Mwingereza, alipofika mwaka 1862 alikuta maporomoko akayapa jina la Ripon. Bwawa la umeme la Owen Falls lilipokamilika mwaka 1954, maporomoko yale yakazama.

"Mama, hapa ndipo Nile inapozaliwa," nahodha alimwambia shangazi.

Shangazi akatumbukiza mkono majini, akauacha humo kwa muda. "Hapana, mwanangu. Haya ni maji ya Kagera. Nimeyavuka 1978 na mtoto mgongoni, tunawakimbia askari wa Amin, daraja la Kyaka halijalipuliwa bado. Niyasahau?"

Nahodha akanyamaza kwa heshima, lakini hakukubali. Shangazi naye hakulegeza.

Nimelifikiria neno lake mara nyingi. Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia ziwani, lakini nao haukuzaliwa Kyaka. Unaletwa na Ruvubu kutoka Burundi na Nyabarongo kutoka Rwanda, mito inayokutana karibu na maporomoko ya Rusumo. Ndipo unapanda kaskazini ukiwa mpaka wa Tanzania yetu na Rwanda, kisha unakata mashariki. Huko Rutovu, Burundi, kuna kijito ambacho mwaka 1938 kilijengewa piramidi kwa kuhesabiwa kuwa chanzo cha kusini kabisa cha Nile. Mvua ikinyesha upande wa pili wa milima ile inashuka Ziwa Tanganyika, na mwisho wake ni Mto Kongo.

Tena maji mengi ya Victoria huanguka moja kwa moja kutoka mawinguni, hayaletwi na mto wowote. Na Misri wanategemea zaidi yale ya nyanda za juu za Ethiopia, yanayoungana na yetu Khartoum. Haya yote nilimweleza binti yangu, nikamchorea na ramani. Akaitazama, akasema bibi alikuwa sahihi. Sikumbishia, ingawa bado sina hakika kama shangazi alikuwa anazungumzia chanzo cha mto au kitu kingine.