Arpejo za kugonga kwenye gitaa la umeme: namna ninavyoziingiza katika sebene

Ukimtazama mtu anayepiga arpejo za kugonga (noti za akodi moja moja, nyingine zikitolewa kwa kidole cha kulia kinachoigonga kamba juu ya shingo), macho yanakwenda kwenye mkono wa kulia, kwa kuwa umepanda juu ya shingo ya gitaa. Mimi nilizipata kwa kuushughulikia mkono wa kushoto. Kati ya noti tatu, moja tu ndiyo inayogongwa. Ya pili inatoka kwa kuchomoa kidole kutoka kwenye kamba, ya tatu kwa kupigilia, yaani kukishusha kidole cha kushoto kwa nguvu juu ya kamba, na hizo mbili ndizo zinazofifia.

Nafanyia kazi akodi za Sol, Do na Re, maana sebene nyingi, ile sehemu ya gitaa ya kuchezesha watu katika muziki wa Kongo, zinazungukia hapo. Zote ziko kwenye kamba ya kwanza, ile mi nyembamba. Kwa Sol, kidole cha shahada kinakaa kase (nafasi kati ya vyuma vya shingo) ya 7 (si), kidole cha mwisho kase ya 10 (re), na kidole cha kati cha mkono wa kulia kinagonga kase ya 15 (sol). Do ni 8, 12 na 15: kidole kinachogonga kinarudi palepale, mkono wa kushoto peke yake ndio unaosogea. Re ni 10, 14 na 17. Mwendo ni mmoja kwa zote: gonga juu, chomoa noti iangukie ile ya chini kabisa, pigilia ya katikati, gonga tena.

Kuchomoa ndiko kunakobeba kila kitu. Kidole kikiinuliwa wima kutoka kwenye kamba, noti inayofuata inakufa. Lazima kiondoke kwa pembeni, kikiikwaruza kamba kidogo kuelekea sakafuni, yaani kama kuipiga upya kwa ncha ya kidole. Kikivuta mno, kamba inapinda na noti inapanda juu ya sauti yake. Shahada ya kushoto iikaze kamba wakati huo isiteleze. Na kidole kiguse karibu kabisa na chuma cha kase; katikati ya kase utatumia nguvu mara mbili upate nusu ya sauti.

Natumia kidole cha kati kwa sababu mediatori (kijibamba cha kupigia kamba) inabaki kati ya gumba na shahada, tayari kurudi kwenye upigaji wa kawaida. Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, ni kwao wapiga gitaa Jean Bosco Mwenda na Edouard Masengo, na wengi wetu bado tunapiga kwa gumba na shahada, kila kidole na kazi yake. Huo ni mtaji mkubwa: mkono wa kulia umeshajua kugawana kazi. Ila ukucha wa kidole cha kati ukatwe hadi usionekane ukitazama kiganja, la sivyo utateleza juu ya kamba.

Kelele za kamba nyingine zinazimwa na mikono yote miwili. Sehemu ya chini ya kiganja cha kulia inalala juu ya kamba nene, na ncha ya shahada ya kushoto inaigusa kidogo kamba ya pili. Wengine hufunga raba ya nywele kwenye kase ya 1. Inafaa, lakini ukiifunga huwezi kupiga kamba wazi.

Zoezi la kwanza nalifanya bila ampli (kikuza sauti), hata umeme ukiwepo. Distorshoni, ile sauti ya kukwaruza ya ampli, inasawazisha noti zenye nguvu na zilizo dhaifu, kwa hiyo inakudanganya. Gitaa kavu halifichi kitu. Metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, iwe 60 kwa dakika, noti tatu kwa kila pigo, na nisisikie tofauti kati ya iliyogongwa na iliyochomolewa. Hapo tu ndipo napandisha kwa 4. Kwenye ampli natumia mikro (kinasa sauti cha gitaa) ya karibu na daraja, na sauti ya sebene ikiwa safi mno, pedali ya kompresa, inayosawazisha nguvu ya noti, inasaidia noti zisikatike.

Gitaa lenyewe nalo lina neno. Kamba za 9 (unene wa kamba ya kwanza kwa elfu za inchi) ni rahisi kuliko za 10. Urefu wa kamba juu ya chuma cha 12 naweka kama milimita 1.5 upande mwembamba na 2 upande mnene. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa tano, mbao inakauka, shingo inanyooka na kamba zinaanza kugusa vyuma na kutoa kelele. Bana kamba nene kwenye kase ya 1 na ya mwisho, utazame nafasi iliyobaki kwenye kase ya 7: ipite karatasi mbili au tatu za ofisini. Kama hakuna nafasi, legeza chuma cha ndani ya shingo kwa robo mzunguko, usizidishe, halafu uache gitaa litulie kabla ya kupima tena.

Ugumu wa mwisho ni hesabu. Noti tatu hazigawanyiki sawa ndani ya noti 16 za kipimo kimoja. Ukiziacha zizunguke, mkazo unahama na unapendeza sana juu ya besi, lakini akodi ikibadilika unakutwa katikati ya mzunguko. Mimi napiga makundi manne ya noti tatu (15, 7, 10), kisha kundi moja la noti nne: 15, 7, 10, na kuchomoa tena hadi 7. Jumla ni 16, na noti ya kwanza ya Do inagongwa juu ya pigo la kwanza. Mkono wa kushoto unahama wakati noti hiyo ya kase ya 15 ingali inalia: shahada iwe imeshafika 8 kabla hujachomoa. Kwenda Re ni vilevile, ila kulia kunagonga 17 kwanza na kushoto kunafuata chini yake.