Aliomba Dawati la Michezo

Mwaka 2013 nilikuwa mtayarishaji wa taarifa ya habari ya usiku kwenye redio moja ya Arusha. Mwaka huo tulipokea kijana wa mafunzo kwa vitendo, Mhadzabe wa upande wa Mang'ola, kule Ziwa Eyasi. Chumba chetu cha habari kilikuwa na Wachaga, Wapare, Wameru na Wairaqw wa Mbulu. Mhadzabe hakuwahi kuwamo.

Asubuhi moja kikaoni tulipitia ripoti kuhusu watu wake. Pori la Eyasi linafyekwa kupisha mashamba ya vitunguu, vitunguu hivyohivyo tunavyonunua soko la Kilombero, na watu wanaoishi kwa mizizi, ubuyu, asali na nyama ya mwituni wanazidi kubanwa. Ripoti ilikuwa na sauti tatu: ofisa wa serikali, mwongoza watalii na mtafiti.

Kijana akanyoosha mkono. "Samahani wakuu, Wahadzabe wenyewe mbona hawamo?"

Mhariri alimjibu kwa upole kwamba mwandishi alikosa anayejua Kiswahili. Kijana hakubishana. Alitoa simu akampigia baba yake mdogo, akaweka sauti ya juu. Mzee alisalimiwa na chumba kizima, akaitikia marahaba, kisha akazungumza Kiswahili kilichonyooka kuliko cha mtafiti wetu. Alisema mbuyu ukianguka, nyuki wanahama na asali ndiyo basi. Alisema mkulima akifika husema ardhi haina mwenyewe kwa sababu haoni nyumba ya bati wala shamba. Kisha akataja Yaeda Chini, wilaya ya Mbulu, ambako mwaka 2011 wenzao walipewa hati ya kimila ya ardhi yao. Akauliza: sisi huku tunangoja nini?

Suala la hati halikuwemo kabisa kwenye ripoti yetu, na hilo ndilo lililokuwa habari yenyewe. Niliondoa sauti ya mwongoza watalii, nikaweka ya mzee. Namba yake niliiandika kwenye daftari la vyanzo, ukurasa wa ardhi. Mwenzangu mmoja alitaka iwekwe ukurasa wa mila, nilikataa.

Mhariri alifurahi sana. Palepale akamwambia kijana kwamba kuanzia siku hiyo atashika habari zote za Wahadzabe, Waakie na Wamasai.

"Nashukuru mkuu," kijana akasema, "ila mimi niliomba dawati la michezo. Hata barua yangu imesema hivyo."

Watu wakatazamana. Nikaomba kusema, na maneno yale ningeyarudia hata leo. Mwandishi Mchaga hatumfungi kwenye habari za Uchagani. Tunampeleka bungeni, tunampeleka kwenye bei ya mbolea, na hakuna anayeshangaa. Mmasai kwenye redio zetu huulizwa ng'ombe na ukeketaji. Nauli ikipanda haulizwi, ingawa daladala anapanda ileile. Nikawakumbusha tuliyosoma chuoni, Tume ya Kerner ya Marekani, iliyoundwa baada ya ghasia za mijini za 1967. Ripoti yake ya 1968 ilivilaumu vyombo vya habari kwa kuiona nchi kwa macho ya Wazungu, na kwa kuzembea kuajiri na kupandisha vyeo waandishi Weusi. Kumwajiri mtu kisha kumwachia habari za kabila lake tu ni kumweka mlangoni. Hajaingia ndani.

Mhariri alinyamaza kidogo. "Na Eyasi nani atashika?" akauliza.

"Mwandishi wa ardhi," nikamjibu. "Namba ya mzee anayo."

Jumamosi kijana akaenda uwanja wa Sheikh Amri Abeid na kinasa sauti. Mkuu wa michezo alilalamika kwamba ripoti ni ndefu mno, akaikata, akairusha hewani, na wiki iliyofuata akampangia mechi nyingine.